Filamu ya dakika 22 na shilingi 30,000: uipeleke tamasha gani?

Swali: Asalaam aleikum. Mimi ni mwanafunzi wa diploma ya filamu, nyumbani ni Lamu. Nimemaliza filamu fupi ya dakika 22, hadithi ya kubuni kuhusu kijana wa Matondoni anayekataa kurithi kazi ya babake ya kuunda majahazi. Wahusika wanazungumza Kiamu, lahaja ya Kiswahili ya Lamu. Mwalimu wangu anataka niipeleke Cannes. Mwenzangu darasani ana "tuzo" sita za mtandaoni na filamu yake haijaonyeshwa popote. Mimi nina shilingi 30,000 kwa jumla. Nianze na tamasha lipi, na nikichaguliwa nifanyeje?

Jibu: Waaleikum salaam. Tuanze na hizo shilingi 30,000, maana ndizo zitakazoamua mengine. Ada ya kuwasilisha filamu fupi kupitia majukwaa kama FilmFreeway mara nyingi huwa kati ya dola 10 na 50. Dola moja ikiwa karibu shilingi 130, wewe una dola 230 hivi. Ukitoa dola 25 kwa kila tamasha, pesa zinaishia kwenye tamasha la tisa na hujabakiwa na nauli ya kuvukia Mokowe, ng'ambo ya bara. Tuseme katika hayo tisa limekukubali moja, nalo liko Ulaya. Filamu itaonyeshwa Jumanne saa nane mchana, watu 40 wataitazama, wewe utakuwa Lamu unasubiri barua pepe. Kwa hiyo geuza hesabu: theluthi moja ya pesa iwe ada, theluthi mbili ziwe safari. Chagua kwanza tamasha unaloweza kulifikia wewe mwenyewe, mengine uyapange kulizunguka.

Kwako hilo ni ZIFF, Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar. Liliasisiwa 1997, lilijitangaza tangu mwanzo kuwa tamasha la nchi za majahazi, na tuzo yake kubwa inaitwa Jahazi la Dhahabu. Filamu ya fundi wa Matondoni isipopata wenyewe pale, sijui itawapata wapi. Kwa kawaida hufanyika katikati ya mwaka, Mji Mkongwe, na Ngome Kongwe ndiyo uwanja wake mashuhuri. Mtazamaji wa Unguja akisikia "ndoo hapa" hatadhani mtu anaitisha ndoo ya maji. Atajua mtu ameitwa aje. Faida hiyo huipati Durban wala Paris.

Sasa lililo zito kuliko pesa: dakika 22. Mwalimu wako hakukosea kuitaja Cannes, ila hakukwambia uingie kwa mlango upi. Shindano la filamu fupi la Cannes halipokei filamu inayozidi dakika 15, na majina ya mwishoni yanahesabiwa humo. Sehemu ya filamu fupi ya tamasha la Venice, ndani ya shindano liitwalo Orizzonti, mwisho wake ni dakika 20. Berlin inafika 30. Mlango ulio wazi kwako Cannes ni La Cinef, sehemu ya filamu za vyuo, inayopokea hadi dakika 60. Hapo ndipo mwanafunzi hushindana na wanafunzi wenzake. Na ujihadhari na kitu kinachoitwa Short Film Corner. Hicho kiko upande wa soko la Cannes, watu hulipia kuandikisha filamu, halafu bango linaandikwa "Cannes". Hakuna jopo lililoichagua. Mteuzi yeyote mzoefu anaijua tofauti hiyo, na akiiona kwenye wasifu wako ataanza kukutilia shaka.

Hata pale ambapo kanuni inaruhusu 22, hesabu ya ukumbi haikuruhusu kwa urahisi. Filamu fupi huonyeshwa kwa mafungu ya dakika 80 hadi 100, kila fungu filamu tano mpaka nane. Filamu yako inakula robo ya fungu. Mpangaji hajiulizi kama ni nzuri tu. Anajiuliza kama ni bora kuliko filamu mbili za dakika 11 ambazo zingekaa mahali pake. Ndiyo maana filamu za wanafunzi za dakika 20 na ushei hukataliwa bila kuwa mbaya.

Basi rudi kwenye meza ya uhariri kabla hujalipa ada hata moja. Pa kupunguza panajulikana. Nembo ya chuo, nembo ya mfadhili na "filamu ya fulani bin fulani" zikikaa mwanzoni zinakula sekunde 40, zipeleke mwisho. Majina ya mwisho yanayopanda kwa dakika mbili yafupishe yawe sekunde 45. Kisha ule mwanzo ambao kila filamu ya Lamu inao: droni juu ya mji, punda kwenye kichochoro, tanga likipita mbele ya jua linalozama. Ni picha nzuri, na mteuzi wa matamasha amekwisha kuziona zote. Anaanza kukupa moyo wake pale kijana anapoliacha tezo na kuondoka karakana. Kama tukio hilo liko dakika ya tano, lisogeze liwe dakika ya pili. Ukiweza kufika dakika 14 na sekunde 50 kwa jumla bila kuivunja hadithi, milango yote niliyoitaja imefunguka. Ikikataa, ishie 18 au 19. Kipimo rahisi: waonyeshe watu watatu wasiokujua, keti nyuma yao, usiseme neno, andika dakika ambayo kila mmoja ameitoa simu mfukoni.

Baada ya urefu linakuja suala la onyesho la kwanza, na hapa wanafunzi wengi huharibu bila kujua. Filamu ina onyesho la kwanza duniani mara moja tu. Matamasha makubwa ya Ulaya hulitaka wao. Matamasha mengi madogo ya filamu fupi hayalijali. Kwa hiyo unawasilisha kwanza kwa yanayolijali, kisha yanayofuata, wala si kinyume chake. Ukitaka kujaribu Berlin, ambayo hufanyika Februari, au La Cinef, ambayo ni Mei, jaribu kabla hujaionyesha Zanzibar. Ukiona huna hamu nayo, usijizuie. Ipeleke Zanzibar moja kwa moja. Kitu usichokifanya kwa hali yoyote ni kuipakia YouTube hadharani "ili watu wa nyumbani waione". Matamasha mengi huikataa filamu ambayo imeshawekwa wazi mtandaoni, na kuifuta baadaye hakufuti historia.

Na mafundi wa Matondoni nao? Wana haki ya kuiona kabla ya Mzungu yeyote. Waonyeshe kwa mwaliko: waliocheza, waliosaidia, familia zao. Bila tikiti, bila tangazo kwenye Facebook, bila bango kwenye uwanja wa Mkunguni. Onyesho la ndani la namna hiyo kwa kawaida halihesabiwi kuwa la kwanza. Likitangazwa na watu wakaalikwa kwa jumla, limekuwa onyesho la hadhara. Tena hapo Kenya unaingia kwenye Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inayotaka filamu ikaguliwe na kupewa daraja na KFCB, bodi ya serikali ya kuainisha filamu, kabla ya kuonyeshwa umma.

Kuhusu tuzo sita za mwenzako: kuna biashara nzima ya matamasha ambayo hayana ukumbi. Dalili zake hazijifichi. Shindano hufanyika kila mwezi. Vipengele vya tuzo ni 70 au 80, mpaka "bango bora la filamu ya kwanza ya mwanafunzi". Ukishinda, unauziwa kikombe na cheti. Waandaaji hawana majina. Halafu barua pepe zao zinakutafuta wewe, zikisema filamu yako imewavutia na kuna punguzo la asilimia 50 hadi Ijumaa. Njia ya kulipima tamasha ni moja, inachukua dakika kumi: tafuta ratiba ya mwaka uliopita yenye siku, saa na jina la ukumbi. Ukiipata, mtafute mwongozaji mmoja aliyeonyeshwa mwaka huo, umuulize alifika nani na picha ilionekanaje. Usipoipata ratiba, funga ukurasa.

Wakati wa kuwasilisha, wahi tarehe ya mapema. Ada hupanda kwa ngazi, na ngazi ya mwisho inaweza kuwa mara mbili ya ya kwanza. Tafuta kipengele cha wanafunzi, mara nyingi ni nafuu. Huna kadi ya benki? M-PESA GlobalPay inakupa kadi pepe ya Visa ya kulipia nje. Na kabla ya kulipa, omba msamaha wa ada. Watu wanaona haya kuomba, na haya hapa haina mahali. Andika wiki sita hadi nane kabla ya dirisha kufungwa, mistari mitano: wewe ni nani na unasoma wapi, filamu inahusu nini kwa sentensi moja, kwa nini tamasha hilo na si jingine (taja kitu walichowahi kukionyesha), kiungo cha kuitazama, ombi lenyewe. Usilie umaskini. Wengine hawatajibu, wengine watakutumia msimbo wa kusamehewa siku hiyohiyo.

Kiungo kiwe cha faragha chenye neno la siri, na neno hilo usilibadilishe mpaka msimu uishe. Filamu hukosa nafasi kwa sababu mteuzi alibofya saa tano usiku akakuta kiungo kimekufa. Muhtasari uandike mara tatu: sentensi moja, maneno 50, maneno 150. Picha za tukio ziwe tatu au nne, zilizopigwa kwa kamera ya picha wakati wa kazi, zisiwe zilizokatwa kutoka kwenye video, maana zile hutoka na ukungu zikichapishwa kwenye kijitabu cha tamasha.

Manukuu yanahitaji uangalifu zaidi kuliko unavyodhani, kwa sababu ya Kiamu. Kwanza andika maneno yote yaliyosemwa, kwa Kiamu chenyewe. Kisha tafsiri kwa Kiingereza, na mtu wa pili asiyejua filamu ayasome huku picha ikienda. Mistari isizidi miwili, kila mmoja herufi 42 au chini yake. Maandishi yakae angalau sekunde moja, na mtazamaji asilazimishwe kusoma zaidi ya herufi 17 hivi kwa sekunde. Wazee wa Lamu husema kwa mafumbo, na fumbo lililofasiriwa neno kwa neno huchukua mistari minne na halieleweki. Tafsiri makusudio yake. Manukuu yahifadhi katika faili la maandishi la SRT pembeni, na tengeneza pia nakala moja ambayo yamechomwa ndani ya picha. Kwa mtazamaji wa Nairobi, hata Kiswahili sanifu chini ya Kiamu si matusi. "Ndia" na "nti" si kila mtu anajua kuwa ni njia na nchi.

Picha za usiku zipime kabla ya safari. Kichochoro kilichowashwa kwa kandili kinapendeza kwenye kompyuta yako. Kwenye uwanja wa wazi, projekta ikishindana na taa za mji, kinakuwa kiza kitupu. Omba banda la kuonyeshea mpira nusu saa baada ya mechi, weka filamu kwenye projekta yao mbovu. Usipoona uso wa baba, inua vivuli kwenye kusahihisha rangi. Sauti nayo isikilize hapohapo: mazungumzo yakizama chini ya mawimbi, punguza mawimbi.

Tamasha lenye ukumbi wa sinema litataka DCP, yaani kifurushi cha sinema kinachosomwa na mashine ya ukumbi. Programu ya bure, DCP-o-matic, inakitengeneza. Kama ulirekodi kwa fremu 25 kwa sekunde, tengeneza DCP ya fremu 25 ya aina ya SMPTE na uwaulize kama mashine yao inaipokea. Nyingi za sasa zinapokea. Zikikataa, ukishusha hadi 24 filamu inarefuka kwa asilimia nne hivi, dakika 22 zinakaribia 23, na sauti za watu zinakuwa nzito kidogo. Kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, DCP ya dakika 22 ni takriban gigabaiti 16.5. Kwa intaneti inayopandisha megabiti tano, hiyo ni zaidi ya saa saba za kupakia, umeme usipokatika. Usingoje siku ya mwisho. Nakala ya akiba, faili la kawaida la video la H.264 kwa megabiti 20, ni gigabaiti 3.3 na hupanda kwa saa moja na nusu. Flashi isiwe ya mfumo wa FAT32, kwa sababu huo haubebi faili linalozidi gigabaiti 4.

Kuna kisanduku kwenye fomu kinachosema unamiliki haki zote. Usikibofye kwa mazoea. Kama kwenye sherehe ya arusi kuna taarabu inayolia redioni, hapo kuna haki mbili: ya aliyetunga wimbo na ya mwenye rekodi, na idhini ya mmoja haitoshi. Vugo, ngoma ya jadi ya arusini, lisilo na mtunzi anayejulikana ni jepesi zaidi, lakini kina mama uliowarekodi wakiimba wanatakiwa wawe wametia sahihi. Vivyo hivyo kila uso unaotambulika. Mtoto asainiwe na mzazi. Kibali cha kupigia filamu kutoka KFCB na cha droni kutoka KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, vikae kwenye folda moja na sahihi hizo. Siku mnunuzi akitokea, ndivyo vitu vya kwanza atakavyouliza.

Mengine kwa haraka. FESPACO, tamasha la Ouagadougou, Burkina Faso, lililoanza 1969, hufanyika miaka ya witiri, kwa kawaida mwishoni mwa Februari. Ni nchi inayotumia Kifaransa, kwa hiyo tenga pesa za manukuu ya Kifaransa. Carthage ya Tunis ni kongwe zaidi, tangu 1966. Durban ina uzito kwa filamu za Afrika, na tangu Januari 2023 Mkenya hahitaji viza ya Afrika Kusini kwa ziara ya hadi siku 90, lakini tiketi ya ndege peke yake itaimaliza bajeti yako. Clermont-Ferrand, Ufaransa, hufanyika mwishoni mwa Januari na mwanzo wa Februari, na ndipo wanunuzi wa filamu fupi wanapokutana. Ningeijaribu hata kama huwezi kwenda. Ukialikwa Ulaya, viza ya Schengen huombwa si chini ya siku 15 wala si zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, ada ni yuro 90, bima ya matibabu ya kiwango cha yuro 30,000, na alama za vidole utaenda kuzitoa mwenyewe Nairobi. Barua ya mwaliko peke yake haikupi viza.

Ukikubaliwa, jibu ndani ya saa 24, na katika barua hiyohiyo uliza: inaonyeshwa lini na wapi, mara ngapi, faili la aina gani na mwisho wa kulipeleka, kitambulisho cha mgeni ni cha watu wangapi, malazi ni usiku ngapi. Waongozaji wa filamu fupi mara nyingi hupewa kitanda usiku mbili au tatu na nauli wakajitafutia. Usipouliza, hata kitanda hupewi. Barua ya mwaliko iombe siku hiyo na uipeleke chuoni na kwenye ofisi ya kaunti. Si kwamba watatoa, ila bila barua hawana hata cha kukataa.

Zanzibar fika siku moja kabla ya onyesho lako. Mtafute mwendesha projekta, muombe dakika tatu: moja ya picha ya usiku, moja ya mazungumzo, moja ya manukuu. Hapo ndipo utagundua kuwa manukuu yamekatwa chini au sauti inatoka upande mmoja. Mchana keti kwenye mafungu ya filamu fupi za wengine. Wateuzi wa matamasha mengine huwamo humo humo, na kuzungumza na mtu baada ya kutazama filamu moja pamoja ni rahisi kuliko kumvizia kwenye karamu. Usimpe mtu flashi. Mpe kadi yenye jina la filamu, dakika zake na kiungo, kisha mwandikie ndani ya wiki moja ukimkumbusha mlipokutana. Mialiko mingi ya baadaye huja bila ada kwa njia hii. Ukiitwa jukwaani kujibu maswali, usiisimulie filamu upya. Sema uliwapata wapi wahusika na jahazi lile liliundwa kwa siku ngapi, watu hupenda hilo.

Safari yenyewe kwa nchi kavu ni mashua hadi Mokowe, basi kupitia Malindi hadi Mombasa, ulale, kisha Lunga Lunga, Tanga, Dar es Salaam, na boti ya kasi ya karibu saa mbili hadi Unguja. Hesabu siku tatu kwenda bila kujichosha. Upande wa Tanzania kitambulisho cha taifa peke yake hakitoshi, uwe na pasipoti. Na kadi ya njano ya homa ya manjano: cheti huanza kukubalika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo anayechanjwa Mombasa akiwa njiani, hata awe na kadi mkononi, bado hajawa nayo.